AGPO: Cheti ni bure, kungoja malipo ndiko ghali

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaitaka kila taasisi ya serikali nchini Kenya itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango unaotekeleza agizo hilo, AGPO, ulizinduliwa Oktoba 2013, hata kabla ya sheria hiyo kupitishwa. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, maswali yanayoulizwa bado ni yale yale: cheti kinaombwaje, kinachukua muda gani, nani anaweza kunisaidia nikipate haraka. Hayo ni maswali mepesi. Swali zito huulizwa mzigo ukishaingia stoo ya serikali na hela za watu zimeshakopwa: nitalipwa lini, na nisipolipwa nimshike nani?

Jibu la sheria kwa swali hilo ni dhaifu, na udhaifu huo unaeleza mengi kati ya mambo ambayo AGPO hulaumiwa kwayo: vyeti vya kukodishwa, bei za ajabu, vijana wanaoshinda tenda moja kisha wasionekane tena. Serikali ilitenga tenda. Haikutenga malipo.

Cheti kwanza, maana bila hicho hakuna mazungumzo. Ombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya AGPO iliyo chini ya Hazina ya Taifa, na halilipiwi hata shilingi. Anayekuitisha elfu tano "za kusukuma faili" anakula pesa zako bure. Anaweza kuomba mwenye biashara ya mtu mmoja, walio katika ubia, kampuni, au kikundi kilichosajiliwa. Utahitaji kitambulisho, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), cheti cha kuthibitisha kwamba ushuru wako uko sawa, na akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara. Kampuni huongeza CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Walio katika ubia huongeza mkataba wao. Mwenye ulemavu huongeza uthibitisho wa usajili kutoka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na fundi wa ujenzi huongeza usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Maombi mengi ya kampuni hukwama kwenye sharti moja lenye vipande viwili. Kundi lengwa lazima liwe na angalau asilimia 70 ya umiliki, na uongozi wote, asilimia 100, uwe wa kundi hilo. Watu husoma kipande cha kwanza na kuruka cha pili. Tuseme madada wawili wa miaka 28 na 31 wana asilimia 80 ya hisa, na mjomba wao wa miaka 52, aliyetoa mtaji wa kuanzia, ana asilimia 20 na pia ni mkurugenzi. Hisa zinatosha. Uongozi unawaangusha, kwa kuwa mjomba si kijana, si mwanamke, na hana usajili wa ulemavu. Dawa ni mjomba abaki na hisa zake lakini atoke kwenye ukurugenzi, mabadiliko hayo yaingizwe kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen, na CR12 iombwe baada ya hapo. Anayeomba CR12 kabla ya mabadiliko kuingia kwenye daftari atapata hati yenye jina la mjomba na kurudishwa mwanzo.

Kuna na umri. Katiba inamtambua kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Mwanamume aliyesajili biashara peke yake akiwa na miaka 33 ajue kwamba cheti hudumu miaka miwili, na atakapotaka kukihuisha hatakuwa tena kwenye kundi hilo. Mwanamke ana pa kuhamia, kundi la wanawake. Mwanamume hana, ila akiwa na ulemavu uliosajiliwa.

Cheti cha ushuru ndicho hufa mapema zaidi. Kile cha AGPO kinaishi miaka miwili, cha KRA miezi 12, na KRA inaweza kukiondoa kabla ya hapo ukiacha kuwasilisha ritani. Wengi hufungua kampuni kwa ajili ya tenda, wakae mwaka mzima bila kuuza kitu, na kudhani kwamba asiyeuza hana la kutangaza. Ritani ya sufuri ni ritani. Kampuni isiyowasilisha ritani ya mapato kwa wakati hupigwa faini ya Sh20,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kile kilicho kikubwa. Na afisa wa ununuzi hakitazami cheti ulichochapisha. Anaingiza nambari yake kwenye mfumo wa KRA na kuona kama bado kiko hai siku hiyo.

Tuseme cheti umepata. Bado hujaandikishwa popote. Hili huwashangaza wengi: cheti cha AGPO kinasema kwamba unastahili kushindania asilimia 30, basi. Ununuzi mdogo wa serikali, ambao ndio size ya mfanyabiashara anayeanza, hufanywa kwa kotesheni. Kanuni za 2020 zinaruhusu njia hiyo kwa bidhaa na huduma zisizozidi Sh3 milioni na kazi za ujenzi zisizozidi Sh5 milioni, na sheria inataka angalau watu watatu waombwe bei. Watu hao hutolewa kwenye orodha ya wauzaji waliosajiliwa na taasisi husika. Kila taasisi ina orodha yake. Ukiwa kwenye orodha ya kaunti ya Kilifi hujaingia kwenye ya chuo kikuu kilicho barabara iyo hiyo.

Matangazo ya usajili hutoka kwa wingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai mosi, na utayapata kwenye tovuti ya tenders.go.ke pamoja na ya taasisi yenyewe. Lakini sheria inasema orodha hizo ziwe zikihuishwa wakati wote, kwa hiyo ukiambiwa usubiri hadi mwaka ujao una haki ya kupeleka maombi yako kwa barua, uache nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kaunti nazo zina sharti la ziada: angalau asilimia 20 ya ununuzi wao itengewe wakazi wa kaunti. Andika anwani yako halisi. Biashara ya Mombasa iliyosajiliwa kwa anwani ya wakili wa Nairobi huonekana ya Nairobi.

Kwenye tenda zenyewe, tathmini huenda kwa ngazi tatu: masharti ya lazima, ufundi, kisha bei. Wadogo wengi huangukia ya kwanza, ambayo haina alama, ni ndiyo au hapana. Na huangushwa na mambo yanayoudhi kwa udogo wake. Sheria inataka mzabuni aweke nambari za mfululizo kwenye kila ukurasa wa zabuni yake. Mtu akichomeka nakala ya kitambulisho dakika za mwisho kati ya ukurasa wa 41 na wa 42 na kuandika 41A, ameshawapa washindani wake hoja. Weka nambari mwisho kabisa, kila kitu kikishapangwa, kuanzia jalada hadi karatasi ya mwisho, pamoja na kurasa za viambatisho. Karatasi yenye maandishi pande mbili ni kurasa mbili.

Fomu zilizo ndani ya kitabu cha zabuni si mapambo. Fomu ya zabuni, dodoso la siri la biashara, cheti cha kuthibitisha kwamba bei yako hukuipanga na mshindani, matamko ya SD1 na SD2 kwamba hujafungiwa kufanya biashara na serikali na hutashiriki ufisadi, tamko la maadili, fomu ya kuwataja wamiliki halisi wa kampuni: kila moja hujazwa, hutiwa sahihi na tarehe. Anayetia sahihi awe mkurugenzi anayeonekana kwenye CR12, la sivyo ambatisha hati ya kumpa mamlaka. Jambo moja la kheri kwa wenye cheti cha AGPO ni kwamba hawatakiwi dhamana ya zabuni kutoka benki. Hujaza fomu ya tamko badala yake. Wapo wanaoona neno dhamana kwenye tangazo na kuondoka. Wapo pia wanaojua kwamba hawadaiwi dhamana, na kwa hiyo hawaambatishi chochote, hata ile fomu ya tamko. Wote wawili wamejitoa wenyewe.

Kwenye bei, kifungu cha 82 hakina huruma: kiasi kilichoandikwa kwenye fomu ya zabuni na kusomwa siku ya kufungua ni cha mwisho, hakirekebishwi kwa vyovyote. Jedwali lako la bei likijumlisha Sh580,000 nawe ukaandika Sh508,000 kwenye fomu ya zabuni, bei yako ni Sh508,000. Utashinda, na utajuta.

Hazina imekuwa ikihamishia ununuzi wote kwenye mfumo wa kielektroniki wa e-GP tangu 2025, hatua iliyopingwa na magavana na kufika mahakamani. Mfumo huo ukishika kila mahali, vita vya kurasa na mihuri vitapungua. Hapo tunaingia kwenye jambo ambalo mfumo huo hautaligusa.

Hesabu ya kungoja

Chukua mfano wa tenda ya kawaida kabisa: rimu 800 za karatasi za A4, gramu 80, kwa Sh625 rimu moja kabla ya VAT. Hiyo ni Sh500,000, na VAT ya asilimia 16 inaifikisha Sh580,000. Muuzaji wa jumla anakuuzia kwa Sh430,000 kabla ya VAT, yaani unamlipa Sh498,800. Rimu 800 zina uzito wa tani mbili hivi, kwa hiyo si mzigo wa probox. Kanta na wapakiaji tuwape Sh12,000. Faida yako kabla ya gharama ya pesa ni Sh58,000. Si haba kwa kazi ya siku mbili.

Siku mbili ni za kupeleka. Sasa anza kuhesabu siku za pesa. Umekopa Sh500,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kila mwezi unaopita ni Sh15,000. Kabla mwezi wa nne haujaisha, faida yote imekwenda kwa mkopeshaji, na kuanzia hapo unailipia serikali karatasi. Katika muda huo huo, ikiwa umesajiliwa kwa VAT, KRA inataka tofauti ya Sh11,200 kati ya VAT uliyotoza na uliyolipa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule uliotoa ankara. KRA haiulizi kama umelipwa. Hatimaye hela zikija hazitakuwa Sh580,000: taasisi itakata VAT ya zuio asilimia 2 ya thamani ya bidhaa, Sh10,000, na kodi ya zuio ya asilimia 0.5 iliyoanza Desemba 2024 kwa bidhaa zinazouziwa taasisi za umma, Sh2,500. Zitaingia Sh567,500. Makato hayo si hasara, utayadai kwenye ritani zako, lakini kwa mtu anayedaiwa leo ni pesa ambazo hazipo.

Anayejua haya huweka miezi minne au sita ya kungoja ndani ya bei. Ndiyo sababu rimu inayouzwa dukani kwa bei fulani huonekana kwenye vitabu vya serikali kwa bei inayowafanya wasomaji wa magazeti kushika kichwa. Wizi upo, hakuna anayekataa, lakini sehemu ya bei hiyo ni riba tu. Serikali inakopa kwa wauzaji wake wadogo kwa riba ya mtaani, kisha inashangaa kwa nini karatasi ni ghali.

Ubaya zaidi ni kwamba ushindani unampendelea asiyejua. Tenda ya bidhaa huenda kwa bei ya chini iliyokidhi masharti. Kati ya vijana watano wanaoomba, mwenye bei ya chini kabisa mara nyingi ni yule ambaye hakuhesabu kungoja. Anashinda, anapeleka, anakwama, mkopeshaji anauza pikipiki yake. Mwaka unaofuata hayupo, na nafasi yake inachukuliwa na mgeni mwingine mwenye cheti kipya na hesabu ile ile. Takwimu za vyeti zinaendelea kupanda.

Pesa hukwama wapi? Mara nyingine kwa muuzaji mwenyewe. Mzigo ukifika, kamati ya ukaguzi na upokeaji huupima dhidi ya LPO, ile hati ya taasisi ya kuagiza mzigo. Imeandikwa gramu 80, ukileta gramu 70 kwa sababu ndizo zilizokuwa kwa bei nafuu Biashara Street, mzigo unarudi. Imeandikwa aina fulani na umeleta "inayofanana nayo" bila barua ya kukubaliwa, unarudi pia. Ukikubaliwa, hakikisha umeondoka na karatasi zote: hati yako ya kupeleka mzigo iliyotiwa sahihi na muhuri, cheti cha kamati ya ukaguzi, na nakala ya S13, ile risiti ya stoo inayoonyesha bidhaa zimeingizwa kwenye leja. Kisha ankara, ambayo siku hizi lazima iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. Jina, PIN na kiasi kwenye ankara vilingane na LPO hadi senti. Faili lisilo na S13 hukaa mezani kwa mhasibu miezi bila mtu kukupigia simu.

Mara nyingi zaidi pesa hukwama upande wa pili. LPO iliyotolewa ndani ya IFMIS, mfumo wa kielektroniki wa fedha za serikali, imefungiwa bajeti yake. LPO ya mkono, au mbaya zaidi maneno ya "leta tu, karatasi itakuja", haijafungiwa kitu. Hata ile ya IFMIS inangoja Msimamizi wa Bajeti aidhinishe pesa zitoke na Hazina iwe nazo. Juni 30 ikifika bila malipo, bili yako inaingia kwenye malimbikizo na kushindania bajeti ya mwaka mpya. Serikali ya kitaifa iliunda kamati ya kuhakiki madeni hayo mwaka 2023, ikiongozwa na aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko. Unapofika mbele ya uhakiki wa aina hiyo, swali la kwanza ni karatasi, na aliyepeleka mzigo kwa maneno hana hata moja.

Haki ya siku 21, na haki isiyo na siku

Linganisha sasa sheria inavyowatendea watu wawili. Wa kwanza amenyimwa tenda kinyume cha utaratibu. Ana siku 14 za kwenda kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, na Bodi ina siku 21 za kuamua. Asiporidhika anakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45, na Mahakama ya Rufaa ina 45 nyingine. Wakati shauri liko mbele ya Bodi, kandarasi haitiwi sahihi. Ni mojawapo ya sehemu bora za sheria yetu, na mawakili wanajua kuitumia.

Wa pili ameshinda, amepeleka mzigo, hajalipwa mwaka wa pili huu. Bodi haimsikii, maana kandarasi iliyotiwa sahihi kihalali iko nje ya mamlaka yake. Ana kifungu cha 140 kinachompa haki ya riba kwa malipo yaliyochelewa, riba ambayo wauzaji wengi hawathubutu kuidai kwa sababu anayeidai leo anaogopa kutoombwa kotesheni kesho. Anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na kutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Atashinda upesi. Halafu atagundua kwamba Sheria ya Mashtaka Dhidi ya Serikali hairuhusu mali ya serikali kukamatwa, iwe ya kitaifa au ya kaunti. Dalali anayekuja kwa mkopaji kuchukua friji hawezi kuchukua hata kiti cha afisi ya gavana. Mwenye hukumu anatakiwa aombe cheti cha amri, akipeleke, angoje, kisha afungue ombi lingine Mahakama Kuu ili afisa wa fedha aamriwe kulipa. Kwa deni la Sh567,500, wakili wa safari hiyo yote anaweza kumaliza kilichobaki.

Ndiyo maana vyeti hukodishwa. Watu hulizungumza jambo hili kama tabia mbaya ya vijana wavivu, lakini fuata pesa. Mwenye cheti hana mtaji wa kungoja miezi sita. Mwenye mtaji hastahili cheti. Wakikutana, wa kwanza anapewa asilimia chache na wa pili anachukua kazi. Anayekodisha huwa hajui anachouza. Makato ya zuio yote yanaingia iTax, mfumo wa kodi wa KRA, kwa PIN yake, na mwaka ukiisha KRA inamwona kama mtu aliyeuza bidhaa za thamani ya kandarasi nzima. Anadaiwa kodi ya pesa ambazo hakuziona, huku ankara za manunuzi ziko kwa mwenye mtaji. Na likibainika kuwa udanganyifu, kufungiwa si chini ya miaka mitatu, na adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo kwa mtu binafsi inafika faini ya Sh4 milioni au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili.

Tanzania, ambako nako asilimia 30 imetengewa makundi maalumu, wazee wakiwemo, tenda sasa hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na pembeni yake kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ina matatizo yake, na ilisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurudishwa. Lakini mkopo usio na riba unabadilisha hesabu ya rimu zetu 800 kabisa, kwa kuwa kungoja hakuli faida. Hapa kwetu, Hazina ya Biashara ya Wanawake na Hazina ya Vijana hukopesha kwa LPO, na kanuni zinaitaka taasisi iliyotoa LPO iithibitishe na kukubali kulipa kupitia akaunti iliyokubaliwa na mkopeshaji. Omba uthibitisho huo siku unayopokea LPO, kabla hujanunua chochote. Taasisi inayosita kuandika barua ya kuthibitisha LPO yake yenyewe imekujibu kuhusu malipo pia.

Mpaka sheria ibadilike, basi, ustadi mkubwa wa mwenye cheti ni kuchagua mteja. Ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti hutaja malimbikizo ya kila kaunti kwa jina na kiasi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hufanya vivyo hivyo kwa wizara na mashirika. Zote hazilipiwi. Kabla ya kutumia siku tatu kujaza zabuni, soma kurasa mbili za taasisi hiyo: malimbikizo yanaongezeka au yanapungua? Tenda ya Sh300,000 kwa taasisi inayolipa ndani ya siku 45 ina thamani kuliko ya Sh2 milioni kwa kaunti yenye deni la miaka mitatu. Angalia kalenda pia. LPO ya Septemba ina miezi tisa ya kulipwa ndani ya bajeti yake. LPO ya Juni 10 ina siku 20.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kila taasisi tayari inaripoti kila nusu mwaka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma jinsi ilivyotimiza asilimia 30, na kinachohesabiwa ni thamani ya kandarasi zilizotolewa. Taasisi iliyogawa Sh100 milioni kwa vijana na kuwalipa Sh8 milioni imefaulu mtihani. Ripoti hiyo iongezwe safu tatu: tarehe mzigo ulipokubaliwa, tarehe malipo yalipotoka, na kiasi kilicholipwa. Kandarasi ihesabiwe kwenye asilimia 30 pale tu inapolipwa. Tarehe hizo hazihitaji mfumo mpya wala kamati, maana ziko kwenye S13 na kwenye IFMIS tayari, na karani mmoja anaweza kuzinakili kwa siku moja.